Mtoto ana wavu wa zambarau kwenye mguu mmoja, na mguu huo ni mwembamba kuliko mwenzake

Mama Kichanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina mtoto wa kike wa wiki 6, aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia, mwenye uzito mzuri na asiye na shida yoyote ya kunyonya. Tangu dakika alipowekwa kifuani pangu niliona kwamba mguu wake wa kushoto una mistari ya zambarau iliyofumana kama wavu, kuanzia kwenye kinena hadi karibu na kifundo. Upande wa mbele wa mwili mistari hiyo inakoma ghafla katikati, kana kwamba kuna mtu aliyeichora akaweka rula. Mguu wa kulia hauna alama hata moja.

Mkunga aliyekuwa zamu aliniambia kwamba hiyo ni baridi tu, nimfunike vizuri na baada ya siku chache itaondoka. Nimemfunika, nimembeba ngozi kwa ngozi, nimemwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Mistari hufifia kidogo lakini haiondoki, na akilia hukolea kama iliyotiwa wino upya. Nyuma ya goti kuna mahali ambapo mistari imedidimia, na ukipitisha kidole unahisi vijifereji.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike leo ni jambo jingine. Juzi nilipokuwa nikimbadilisha nepi nilimnyoosha miguu nikailinganisha, nikaona paja la kushoto ni jembamba kuliko la kulia. Tangu hapo nimetazama hata soksi zake: ya kulia huacha alama ya mpira kwenye ngozi, ya kushoto hutoka yenyewe.

Wiki ijayo tuna miadi na daktari wa watoto. Kabla ya siku hiyo ningependa kujua hali hii huitwaje, kama wavu na wembamba wa mguu vinahusiana, na kama mguu huu utaendelea kubaki nyuma. Lipo pia swali ambalo naona haya kumuuliza daktari: je, kuna jambo nililolifanya wakati wa ujauzito lililosababisha haya?

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Hongera kwa mtoto, mama, na pole kwa wasiwasi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Hakuna ulichokula, ulichobeba wala ulichowaza kilicholeta wavu huu. Alama nyingi za mishipa zinazochukua mguu au mkono mmoja tu hutokana na badiliko dogo la jeni linaloipata seli moja mimba ikiwa bado changa. Seli hiyo hugawanyika, na uzao wake wote hubeba badiliko hilo, lakini seli nyingine za mwili hubaki salama. Ndiyo sababu alama hukaa upande mmoja na mara nyingi hukoma kwenye mstari wa katikati ya mwili kama ulivyoeleza. Badiliko la namna hiyo kwa kawaida halirithiwi kutoka kwa mama wala kwa baba.

Mkunga wako hakubuni jambo. Watoto wengi wachanga hupata madoadoa ya aina hiyo wakipigwa na baridi, kwa kuwa mishipa yao midogo bado haijazoea kujibana na kujiachia kwa mpangilio. Lakini madoadoa hayo huenea pande zote mbili za mwili na huondoka mtoto akipata joto. Wavu ulio kwenye mguu mmoja, unaobaki hata baada ya maji ya uvuguvugu, na ambao umedidimia kwenye ngozi, ni habari nyingine.

Sijamwona mtoto, kwa hiyo sitoi utambuzi. Ninachoweza kusema ni kwamba maelezo yako yanafanana sana na hali ambayo jina lake la kitabibu, kwa matamshi yetu, ni kutisi marmorata telanjiektatika konjenita. Madaktari wengi huifupisha kuwa CMTC, nawe utaandikiwa hivyo kwenye kadi. Usiogopeshwe na urefu wa jina. Maana yake ni ngozi ya marumaru yenye vimishipa vilivyotanuka, ya kuzaliwa nayo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Cato van Lohuizen, aliieleza mwaka 1922, na wengine bado huiita kwa jina lake.

Kuhusu mguu, ndiyo, vinahusiana. Kati ya mambo yote yanayoambatana na CMTC, lililo la kawaida zaidi ni viungo kutolingana, na mara nyingi upande wenye wavu ndio unaokuwa mwembamba, ingawa wapo watoto ambao huwa mnene zaidi. Tofauti ya unene hutokea mara nyingi kuliko tofauti ya urefu. Rangi ya wavu kwa kawaida hufifia katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, hasa mwaka wa kwanza, lakini kufifia kwa rangi si ushahidi kwamba mguu nao umelingana. Naomba ulishike hili: rangi ina safari yake na mguu una safari yake, na kliniki inapaswa kufuatilia vyote viwili.

Siku ya miadi mwombe daktari amvue mtoto nguo zote, asitazame mguu peke yake. Atazame ngozi ya kichwa, hasa utosini, kama kuna mahali ambapo ngozi haikuumbika vizuri, na ahesabu vidole vya mikono na miguu na kutazama urefu wa kila kimoja. Ipo hali adimu iitwayo Adams-Oliver, iliyoelezwa mwaka 1945, ambamo mtoto huzaliwa na upungufu wa ngozi utosini pamoja na vidole vifupi au visivyokuwepo, na baadhi ya watoto hao huwa na wavu kama huu. Apime pia mzingo wa kichwa, kwa kuwa zipo alama za mishipa zinazoambatana na kichwa kikubwa kupita kiasi. Kama wavu ungekuwa usoni karibu na jicho, angehitaji kupimwa presha ya jicho, kwa kuhofia ugonjwa wa macho uitwao glakoma. Kwa ulivyoeleza, wavu uko mguuni tu.

Nyumbani, tazama zile sehemu zilizodidimia. Ngozi hapo ni nyembamba na inaweza kuchanika ikawa kidonda, hasa penye mkunjo kama nyuma ya goti. Kausha mkunjo huo taratibu baada ya kuoga, usisugue, na usimvalishe kitu chenye mpira unaobana. Jambo moja zaidi, kwa kuwa picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe: kwenye ngozi nyeusi wavu hauonekani mwekundu. Huwa wa zambarau iliyoiva au hudhurungi, na rangi ikififia mistari inaweza kubaki kama kivuli. Msije mkadhani ni michubuko.

Mpita Njia alijibu:

Dada, usijisumbue na hospitali. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na kitu kama hicho na alipoanza kutembea hakikuonekana tena. Haya mambo huondoka yenyewe. Kadiri unavyoyachokonoa ndivyo madaktari wanavyoyatafutia jina.

Baba wa Kijana alijibu:

Ndugu Mpita Njia, najua umeandika kwa nia njema, lakini maneno kama hayo ndiyo niliyoambiwa mimi, na yaligharimu miaka.

Mwanangu alizaliwa na baka la rangi ya divai kwenye upande wa nje wa paja la kulia, pana, lenye kingo zilizopindapinda kama ramani ya kisiwa. Daktari wa kwanza aliyemwona alisema ni uvimbe wa damu wa watoto, akatuambia tusubiri, utakua kidogo kisha utasinyaa. Tulisubiri. Baka halikukua na wala halikusinyaa. Mguu ndio uliokua. Alipofika miaka 3 tulikuwa tunanunua jozi mbili za viatu, za saizi mbili tofauti, ili tupate jozi moja ya kuvaa.

Baadaye nilielewa kosa lilikuwa wapi. Mwaka 1982 madaktari Mulliken na Glowacki walitenganisha alama za mishipa katika makundi mawili ambayo zamani yalichanganywa. Kuna hemanjioma, ule uvimbe wa damu tuliotajiwa, ambazo ni uvimbe wa seli zinazoongezeka. Kwa kawaida hazionekani vizuri siku ya kuzaliwa, hukua haraka katika miezi ya mwanzo, kisha husinyaa kwa miaka. Na kuna mishipa iliyoumbwa vibaya tangu tumboni, ambayo huwepo siku ya kwanza na hukua sambamba na mtoto. Ushauri wa kusubiri una mantiki kwa baadhi ya watoto wa kundi la kwanza, na hata hao, tangu mwaka 2008 ilipogunduliwa huko Bordeaux, Ufaransa, kwamba dawa ya propranololi husinyaza hemanjioma, wanaohitaji tiba hawaachwi tu. Mwanangu alikuwa wa kundi la pili na alipewa ushauri wa kundi la kwanza.

Hali yake inaitwa Klippel-Trenaunay, kwa majina ya madaktari wawili Wafaransa walioieleza mwaka 1900. Huwa na mambo matatu: baka la kapilari, yaani vimishipa vidogo sana vya damu, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zisizo za kawaida, na kiungo kilichokua kupita kiasi. Yeye ana vena nene inayopanda upande wa nje wa mguu kuanzia karibu na kifundo hadi pajani. Akisimama muda mrefu unaiona ikijaa. Siku hizi inajulikana kwamba wengi wa watoto hawa wana badiliko katika jeni iitwayo PIK3CA, lile badiliko la seli moja alilolieleza Mama Muuguzi. Kwa wenye ukuaji mkubwa unaosumbua, Marekani iliidhinisha dawa ya alpelisibu mwaka 2022 kwa walio na umri kuanzia miaka 2. Sisi hatukufika huko.

Kwa hiyo, dada, mwelekeo wa tofauti una maana. Mguu wa mwanao ni mwembamba na wa mwanangu ulikuwa mnene, na hilo tu linatosha kukuonyesha kwamba huenda hatuzungumzii ugonjwa mmoja. Usisome habari za Klippel-Trenaunay usiku wa manane ukadhani ni zako.

Yapo mambo mawili ambayo laiti ningeambiwa mapema. La kwanza ni damu kuganda. Kwenye vena hizo damu hutembea polepole na huganda kwa urahisi, kwa hiyo kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, tunamweleza daktari. La pili ni kupima tumbo. Tuliambiwa apigwe ultrasaundi ya figo kila baada ya miezi 3 kwa kuhofia saratani ya figo ya watoto, tukaishi na hofu hiyo kwa muda mrefu. Daktari bingwa alipokuja kututazama alieleza kwamba ufuatiliaji huo ni kwa watoto ambao upande mmoja wa mwili umekua kupita kiasi kwa sababu nyingine, na kwamba katika Klippel-Trenaunay hatari hiyo haijaonekana kuwa kubwa kuliko kwa mtoto mwingine yeyote. Ukiambiwa upime, uliza unapimwa kwa ajili ya nini.

Alipokuwa na miaka 12 mguu wa kulia ulikuwa umezidi kwa sentimita 3 na nusu, akafanyiwa upasuaji mdogo wa kusimamisha ukuaji karibu na goti la mguu mrefu, ule mfupi ukapata nafasi ya kuufuata. Sasa ana miaka 15, tofauti imebaki kama sentimita 1, anavaa soksi ya kubana, na hujibizana nami kama vijana wote.

Mnyoosha Viungo alijibu:

Mimi ni mfiziotherapia na kazi yangu ni upande wa miguu, kwa hiyo rangi nawaachia wengine.

Mama, kabla ya kusema mguu mmoja ni mdogo ni lazima nyonga ichunguzwe. Mtoto mchanga ambaye kichwa cha mfupa wa paja kimetoka kwenye kikombe chake cha nyonga huonekana kana kwamba ana mguu mmoja mfupi, ilhali mifupa yenyewe inalingana. Daktari atamlaza chali, atakunja magoti huku nyayo zikiwa zimekaa mezani, kisha atatazama kama goti moja liko chini kuliko jingine. Akishuku ataagiza ultrasaundi ya nyonga, ambayo katika miezi ya mwanzo huonyesha mambo vizuri kuliko eksirei, kwa sababu sehemu kubwa ya nyonga bado ni gegedu. Wavu wa ngozi usiwafanye watu wasahau nyonga. Nimewahi kuona tatizo linaloonekana likifunika lisiloonekana.

Nyonga ikiwa salama, anza kupima na uandike. Unene na urefu ni vipimo viwili tofauti, usivichanganye. Kwa unene, tumia utepe laini wa mshonaji. Kunja goti, tia kalamu alama kwenye ncha yake, panda sentimita 5 kuelekea pajani, hapo ndipo zungusha utepe. Kwa shavu la mguu tafuta mahali palipo panene zaidi. Pima mguu ulio salama kwanza, kisha wenye wavu, kwa umbali ule ule. Utepe uguse ngozi bila kuibonyeza, kwani mtoto ana mafuta laini na ukivuta kidogo tu umepoteza nusu sentimita. Apime mtu yule yule kila mara, na kila kipimo kirudiwe mara tatu.

Urefu sikushauri upime nyumbani kwa umri huu, kwa maana mtoto hujikunja na utapata hofu isiyo na sababu. Akianza kusimama, njia nzuri ni kuweka vibao vyembamba vya unene unaojulikana chini ya mguu mfupi mpaka kiuno kikae sawa, kisha kuhesabu vibao. Kwa jumla, mtu mzima mwenye tofauti isiyofika sentimita 2 kwa kawaida hahitaji zaidi ya kuinua soli kidogo, na wengi hawahitaji hata hilo. Kati ya sentimita 2 na 5 ndipo upasuaji kama wa kijana wa hapo juu hufikiriwa, na una wakati wake: ukifanywa mapema mno au kwa kuchelewa haufikii lengo. Hapo ndipo daftari la vipimo vya miaka linapokuwa na thamani, kwa sababu daktari wa mifupa hakadirii kwa kipimo kimoja. Hutazama mwenendo.

Niongeze kwamba paja kuwa jembamba hakumaanishi misuli ni dhaifu. Tazama anavyopiga mateke. Kama miguu yote miwili hupiga kwa nguvu sawa, mwache apige.

Mama Kichanga alijibu:

Nawashukuru sana wote, na Mama Muuguzi kwa namna ya pekee, kwa kuanza na swali nililoliweka mwisho.

Tumerudi kutoka kliniki. Daktari alimvua nguo zote kabla sijasema neno. Utosi uko salama, vidole ni 20 vilivyotimia, mzingo wa kichwa ni wa kawaida. Nyonga zilipigwa ultrasaundi siku hiyo hiyo na ziko mahali pake. Amesema huenda ni CMTC, akaongeza kwamba hutambuliwa kwa kutazama na kwa kufuatilia, na kwamba kwa sasa haoni sababu ya kumkata kipande cha ngozi. Aliwasha taa ya joto juu ya mguu kwa dakika chache, tukatazama pamoja, na wavu haukuondoka. Hakuona vena zilizovimba, na akasema hilo pia linaelekeza upande huo. Tutarudi akiwa na miezi 3.

Nina swali dogo. Nimesoma kuhusu leza. Je, niiombe?

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Nimefurahi, mama. Kuhusu leza, ile inayotumika kwa mabaka ya rangi ya divai huwasaidia wengi wenye mabaka hayo, lakini kwa wavu wa CMTC matokeo yake si ya kutegemewa, na ngozi iliyo nyembamba kama ile ya nyuma ya goti inaweza kuharibika. Kwa kuwa rangi ina uwezekano mkubwa wa kufifia yenyewe, madaktari wengi husubiri. Hapa, na hapa tu, ninakubaliana na Mpita Njia.

Lakini ukiona kidonda kwenye mkunjo, au mguu umevimba ghafla, au una joto kuliko mwenzake, usisubiri miezi 3.

Mpita Njia alijibu:

Nimesoma yote. Nimempigia ndugu yangu nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumpima mtoto wake miguu. Hakuna. Ana miaka 6. Baba wa Kijana, niwie radhi.

Mama Kichanga alijibu:

Nimeanza daftari. Mara ya kwanza nilipima mara tatu nikapata majibu matatu, kwa sababu alidhani utepe ni mchezo. Jana nilisubiri hadi akalala baada ya kunyonya, miguu ikiwa imelegea. Paja la kulia ni sentimita 19.5 na la kushoto 18.3. Shavu la kulia ni 13 na la kushoto 12.6. Alama ya kalamu kwenye goti niliifuta asubuhi wakati wa kuoga, na nikiwa hapo nilimtazama anavyopiga mateke ndani ya beseni. Maji yalimwagika pande zote mbili.